Tupeane uzoefu: kumtunza mgonjwa wa muda mrefu chini ya SHA

MleziMachakos
Wadau, tangu SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) ichukue nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani ya taifa, tarehe 1 Oktoba 2024, wenye mgonjwa wa figo, sukari au kiharusi nyumbani ndio wanaoyasikia mabadiliko zaidi, maana wao wanarudi hospitali mara kwa mara. Mnaoijua kazi hii, tuwekeeni mambo ya kutendeka: hatua, viwango, na panapokwama.

KaraniWaMapokezi
Naanza na linaloziponza familia nyingi: mzazi si mtegemezi wako. Makato ya 2.75% ya mshahara ghafi yanakufunika wewe, mwenzi wako na watoto. Mama yako mzee hayumo. Yeye anasajiliwa kama kaya yake, kwa kitambulisho chake, kwa *147# au kituoni. Kisha anapimwa uwezo: ukuta wa nyumba, paa, sakafu, choo, maji, anapikia nini. Jibuni kuhusu nyumba anayoishi yeye, si ya mwanawe aliye Nairobi, la sivyo kiwango cha mchango kitapanda bila sababu.

Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini asiye na ajira rasmi anatakiwa kulipa mwaka mzima, yaani 3,600 kwa mkupuo. NHIF ilikuwa 500 kila mwezi. Kwa hesabu ya mwaka ni nafuu, ila mama muuza mboga hana 3,600 siku moja. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole, wa kulipa kidogo kidogo, uliletwa kwa ajili ya hilo.

Halafu, kusajiliwa si kulipa. Zahanati na kituo cha afya, yaani ngazi ya 2 na 3, wanalipwa na Hazina ya Afya ya Msingi, hivyo usajili unatosha. Kuanzia ngazi ya 4, yaani hospitali, mchango usipokuwa hai, mfumo unakataa, na huwa mnagundua hivyo mgonjwa akiwa tayari kwenye machela. Angalieni hali ya mchango kabla ya kutoka nyumbani.

SistaWaFigo
Kwenye dialisisi, yaani kusafisha damu kwa mashine figo zikishindwa, SHA inalipa shilingi 10,650 kwa kipindi, vipindi 2 kwa wiki. Kitaalamu utaratibu wa kawaida ni vipindi 3 vya saa 4. Hicho cha tatu kinatoka mfukoni, kwa hiyo wengi wanabaki na viwili, na mpango mzima wa nyumbani lazima ufuate ukweli huo.

Siku kwanza. Ombeni Jumatatu na Alhamisi, au Jumanne na Ijumaa. Mkipewa Jumatatu na Jumatano, mgonjwa anakaa siku 4 nzima bila mashine, na hapo ndipo maji yanaingia mapafuni na potasiamu, madini yanayotoka kwenye chakula, inapanda hadi moyo unayumba.

Pili, maji. Mashine haifai kuvuta zaidi ya mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Mtu wa kilo 60 kwa saa 4 ni kama lita 3. Akija na kilo 5 za ziada na mkalazimisha zitoke zote, presha inaanguka na misuli inakaza. Kipimo cha nyumbani: mkojo wa siku pamoja na nusu lita, basi. Uji, chai na supu vinahesabiwa humo. Apimwe uzito kila asubuhi, mizani ileile, nguo nyepesi.

Tatu, potasiamu ya chakula. Viazi vimenywe, vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, na maji hayo yamwagwe. Ndizi mbivu na parachichi apunguze sana.

Mkono wenye fistula, yaani mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili kuchomwa sindano za mashine, haupimwi presha wala hautolewi damu. Kila asubuhi aweke vidole juu yake asikie mtetemo. Usiposikika, ni hospitali siku hiyohiyo. Msingoje zamu yenu ya dialisisi.

BintiWaKisumu
Asanteni. Je, mzee wa kiharusi asiyetoka kitandani, SHA inagharamia dayapa na mtu wa kumtunza?

KaraniWaMapokezi
Hapana, dada. Inalipia kulazwa na matibabu. Akisharuhusiwa kwenda nyumbani, gharama ni ya familia, na kwa maoni yangu hili ndilo pengo kubwa la sera yote. Akiwa na miaka 70 au zaidi, muulizie Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee, kwa chifu: ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Haitoshi mlezi, ila inasaidia dayapa.

MhamasishajiAfya
Dada, mtafute mhamasishaji wa afya wa kijiji chenu. Tangu 2023 tulipewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, na kila mmoja ana takriban kaya 100. Tunapima nyumbani na kuandika rufaa kwa simu. Kabla ya kipimo mzee atulie dakika 5, mkono usawa wa moyo.

Kumgeuza ni kila saa 2, usiku pia: kushoto, chali, kulia. Mto uwe chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee. Tazameni kwenye makalio na visigino. Doa jekundu lisilofifia ukilibonyeza ndiyo mwanzo wa kidonda. Msilisugue. Mwondoleeni uzito hapo na mtuite.

KaraniWaMapokezi
Nyongeza kuhusu alama za vidole zinazomtambulisha mgonjwa wa SHA: mikono iliyoshika jembe miaka mingi mara nyingi mashine haiisomi. Mnawisheni kwa maji ya uvuguvugu, mkaushe, mjaribu kidole kingine. Na namba ya simu mnayosajili iwe ya yule anayempeleka hospitali, si ya mjukuu aliye shuleni.