Wakuu naomba ushauri: njia yetu ya baiskeli imegeuka korongo na kijiji kinataka kutufungia

kona_ya_lushoto

Habari wakuu, naombeni ushauri wenu kabla ya mkutano wa kijiji maana hili jambo linaninyima usingizi.

Niko Lushoto. Tuna kikundi cha kuendesha baiskeli za milimani, hatuna ofisi wala mfadhili, wote ni watu wa kujitolea tu: mafundi baiskeli, mwalimu wa msingi, vijana wanaoongoza watalii, na dada mmoja wa duka la pembejeo ambaye kwenye kushuka anatuacha wote nyuma. Baiskeli nyingi ni mitumba, mmoja akikatikiwa mnyororo mwingine anatoa wake, ndo tunavyoishi. Jumapili tunafundisha watoto wa mtaa wetu kuendesha na hiyo kwangu ndo sehemu nzuri kuliko zote.

Njia tunayotumia inaanzia juu kwenye ukingo, inapita pembeni ya mashamba ya kabichi na viazi, inaingia kwenye miti kidogo halafu inashuka mpaka barabara ya vumbi. Ni njia ya miguu ya zamani sana, akina mama wanapita na mboga kwenda gulioni, watoto wanaendea shule. Kipande cha juu kinashuka wima hakina kona hata moja, hapo ndo penye raha yetu na hapo hapo ndo penye ugomvi. Masika iliyopita maji yalishika ule mstari yakachimba mpaka sasa kuna korongo linafika magotini, na udongo wote ulienda kufunika karoti za mzee mmoja chini kule. Mzee anasema ni matairi yetu. Bodaboda nao wanapita pale, na maji ni maji, lakini alama za matairi zinaonekana na wanaojulikana kwa majina ni sisi.

Mtendaji kasema suala liende mkutano mkuu wa kijiji na kuna watu wanataka baiskeli zipigwe marufuku moja kwa moja. Kikundi nacho kimepasuka, wengine wanasema tuhamie msituni tuchonge njia yetu kimya kimya, wengine tumpe mzee hela yaishe, wengine wameshachoka. Mimi nataka ile njia ibaki na ipitike na kila mtu. Sasa inatengenezwaje isirudi kuwa mfereji kila mwaka? Ruhusa tunaomba kwa nani? Na hawa watu wa kujitolea unawaletaje siku ya jembe, maana siku ya kuendesha wanajaa, siku ya kazi tunabaki wale wale.

chapa_mlima

Hamieni msituni tu. Msitu mkubwa, nani atawaona? Chongeni taratibu mkimaliza ndo mtangaze.

mzee_wa_miche

Vijana hamjambo. Nimestaafu kazi ya misitu nianze na huyu hapo juu. Kijana, usimpoteze mwenzako. Msitu wa hifadhi una mwenyewe kisheria, Sheria ya Misitu ya 2002 ipo wazi, huwezi kuingia na panga na sururu ukafyeka njia bila kibali. Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, mkitaka kuendesha humo mnakwenda ofisini kwao mnaongea, mnafuata njia walizoziweka na utaratibu wa viingilio. Mkichonga kwa kificho mtaharibia na vijana wanaopeleka watalii kihalali, na mlango huo ukifungwa haufunguki upesi.

Sasa hiyo njia yako naona ipo ardhi ya kijiji. Hapo mwenye kauli ni halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ndiyo inavyosema. Kwa hiyo huo mkutano unaouogopa ndio ofisi yenyewe ya kuombea ruhusa. Nenda na barua, nenda na pendekezo la sheria ndogo: nani anapita na nini, wakati wa masika njia inafungwa kwa magurudumu yote, pikipiki zikiwemo, na nani anawajibika kuitunza. Na kikundi kisajilini, muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata, andikeni katiba fupi. Kijiji kinaingia makubaliano na kikundi, hakiingii makubaliano na vijana wa baiskeli.

Jingine, na hili naomba mlishike. Wazee wa Usambara wana kumbukumbu na mambo ya udongo. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuokoa udongo bonde la Mlalo, watu wakalazimishwa kuchimba matuta, hawakuulizwa, na katika miaka ya 1950 wakaukataa mpaka ukafa. Kitaalamu kulikuwa na mambo ya maana mle ndani lakini nani atashika jembe kwa amri? Miaka ya 1980 ukaja mradi wa SECAP wa kuzuia mmomonyoko, huo ulipanda majani ya Guatemala na miti kwenye kontua, ile mistari ya usawa inayokata mlima, pamoja na wakulima, na majani hayo mnayakata mpaka leo kulishia ng'ombe. Kwa hiyo msiende mkutanoni kumfundisha huyo mzee habari za mmomonyoko. Anaujua kuliko nyie. Muulizeni yeye maji yalikuwa yanapita wapi kabla.

fundi_jembe

Mzee kamaliza upande wa ruhusa mi niongelee udongo, nimechonga njia za watalii Arusha na Kilimanjaro ndo kazi yangu.

Mkuu hicho kipande cha wima hakitengenezeki. Naomba uniamini. Njia ikishuka kufuata mwelekeo uleule ambao maji yanashuka, hata mchimbe mitaro mingapi, maji yatarudi humo humo kwa sababu hayana pengine pa kwenda. Kuna kanuni mbili wajenzi wa njia wanazitumia dunia nzima. Kwanza njia kwa wastani isizidi mteremko wa asilimia 10, yaani ukitembea mita 10 usiwe umeshuka zaidi ya mita 1. Pili, mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa mlima wenyewe pale ilipo, maana ukizidi, maji hayavuki njia, yanaifuata. Kwa hiyo mnaiacha ile ya wima, mnapima njia mpya inayokata mlima kwa ubavu, itakuwa ndefu na itakuwa na kona, na niamini ukishaizoea ni tamu kuliko kushuka umeng'ang'ania breki.

Kuchonga: unakata ndani ya mlima upate kitako kigumu, usijenge njia juu ya udongo uliofukuliwa ukamwagwa upande wa bonde, huo utaondoka mvua ya kwanza. Uso wa njia uinamie bondeni kidogo sana, asilimia 3 mpaka 5, maji yavuke kama karatasi badala ya kukusanyika. Halafu kila baada ya umbali fulani njia ishuke, ipande kidogo, ndo iendelee kushuka, pale kwenye bonde dogo maji yanatoka yenyewe. Hayo magogo watu wanayolaza katikati ya njia kukinga maji msiyaweke, yanajaa udongo haraka na matairi yanayang'oa, na mama mwenye mzigo kichwani anajikwaa.

Korongo la zamani msiliache wazi. Jengeni vizuizi vya mawe ndani yake ngazi kwa ngazi, udongo utajaa nyuma ya kila kizuizi, pandeni majani ya Guatemala au ya vetiva pembeni, na mdomo wa juu uzibeni kwa matawi mengi mpaka mtu asione kama palikuwa na njia. Bila hivyo wenzako wataendelea kushuka humo humo.

kona_ya_lushoto

Shikamoo mzee_wa_miche, asante sana, habari ya Mlalo bibi yangu alikuwa anaigusia sikuwahi kuielewa vizuri. Fundi, hiyo asilimia 10 tunaipimaje, hatuna kifaa chochote?

fundi_jembe

Fremu A, ile ile mabwana shamba wanayopimia kontua. Miti miwili mirefu, mmoja wa kukatiza, kamba na jiwe katikati. Miguu iachane mita 2 kamili. Kwanza isimamishe sehemu iliyo sawa uweke alama pale kamba inapopita. Halafu funga kipande cha mti cha sentimita 20 chini ya mguu mmoja, huo uwe ndo unatangulia kushuka. Ukitembea nayo na kamba ikakaa kwenye alama, hapo unashuka asilimia 10. Piga kigingi, songa mbele. Simu pia zina apu za kupima mteremko ila fremu haiishiwi chaji na wazee wakiiona wanaitambua.

mama_wa_gulioni

Mimi si mtu wa baiskeli nimeingia kwa sababu ya kichwa cha habari, naishi upande wa Soni na njia kama hizo ndo zangu kila siku. Naomba niseme kitu ambacho kwenye mkutano pengine akina mama hawatasema. Korongo linaumiza ndiyo, lakini kinachotutia hofu ni kutokea kwenye kona na mzigo kichwani unasikia tu watu wanapita kama upepo. Ukiruka pembeni mzigo umekwenda, na nyanya ikishapondeka hakuna anayeilipa. Wakati mwingine vijana wanapunguza vizuri kabisa na wanasalimia, ila mmoja tu asiyepunguza unamkumbuka mwaka mzima.

Wekeni kengele. Siku ya gulio msipite asubuhi. Na mkichonga hiyo njia mpya yenye kuzunguka mjue sisi wa miguu tutataka kukata mkato kwa sababu mzigo ni mzito, kwa hiyo tutengenezeeni ngazi za mawe mahali pa mkato. Mkifanya hivyo mimi mwenyewe ningekuja kuwabebea mawe.

Ngong_Pedala

Niaje wasee, salamu kutoka Nairobi. Huyu mama amesema ukweli mtupu. Huku msitu wa Karura tunaendesha sana na ule msitu ungekuwa umeisha kitambo, Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale 1999 wakiukinga usigawanywe kwa wajenzi. Siku hizi Friends of Karura, ambao ni chama cha jamii cha msitu, wanausimamia pamoja na KFS, shirika la misitu la serikali ya Kenya. Baiskeli ina njia zake, makutano yana namba hata ukipotea unaweza kuwaambia watu uko wapi. Mpangilio kama huo ndio umefanya mtu wa mbwa, mtu wa kukimbia na mtu wa baiskeli wakae msitu mmoja. Sheria yetu ya misitu ya 2016 inaruhusu chama cha jamii kuandikiana mkataba na KFS, na nasikia hata nyinyi mna usimamizi shirikishi wa misitu. Kwa hiyo mkianza vizuri na kijiji, kesho mnaweza kuongea na watu wa msitu mkiwa na jina safi.

mbongo_vermont

Naongezea kutoka Marekani, niko Vermont. Hapa kuna mtandao wa njia unaitwa Kingdom Trails, upo tangu 1994, unapita kwenye ardhi za watu binafsi karibu mia ambao wameruhusu tu kwa hiari yao. Ukawa maarufu, wageni wakawa wengi mno kwa kijiji kidogo, tabia zikaharibika, na Desemba 2019 wenye ardhi watatu wakaondoa ruhusa ya baiskeli, na maeneo yao yalikuwa katikati kabisa ya mtandao. Hakuna mahakama wala nini, ardhi ni yao.

Kwa hiyo huyo mzee wa karoti ndo mtu muhimu kuliko wote kwenye hadithi yako. Msimpe hela yaishe, nendeni shambani kwake mkatoe ule udongo kwa makoleo KABLA ya mkutano, bila kupiga picha za kurusha mitandaoni. Na kitu kingine, mwambieni kila mtu aache kuipandisha njia Strava, ile apu ya kurekodi na kushirikisha safari za baiskeli, mpaka muafaka upatikane, vinginevyo mtapata wageni ambao hawajui makubaliano yenu. Huku wakati theluji inayeyuka njia zote zinafungwa kwa sababu ya tope na watu wanaheshimu, ukionekana unaendesha wenzako ndo wanakushukia kwanza. Masika yenu muichukulie vivyo hivyo.

mpare_wa_same

Kuhusu watu kutotokea siku ya jembe. Kwetu Upareni msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, haukuwa hiari ya kujisikia, siku inajulikana, kipande chako kinajulikana, na chakula kipo. Nyie mnaita watu "njooni tutengeneze njia", mtu akifika anakuta wawili wanachimba kumi wanaangalia, akirudi nyumbani harudi tena. Gaweni njia vipande, kila kipande kiwe na mwenyewe na jina lake liandikwe. Watoto wa Jumapili nao wapeni kipande kifupi, wazazi wao watawafuata. Kazi iwe ya asubuhi tu, mwisho saa 5, kisha makande na chai ndo mkaendeshe wote. Na jembe zima, tafadhali, kuliko kumpa mtu jembe lenye mpini unaocheza.

chapa_mlima

Nimewasoma wote. Naondoa wazo langu la msituni. Nipo Korogwe, mkipanga siku nakuja na sururu mbili.

kona_ya_lushoto

Nimeelemewa kwa wema aisee. Jana jioni tulikaa kikundi nikawasomea huu uzi neno kwa neno. Tumekubaliana: kesho kutwa tunaenda kwa mzee na makoleo, tunamuomba pia atuoneshe maji yalipokuwa yakipita zamani. Mkutanoni tunapeleka barua ya kufunga kipande cha wima kwa kila chenye gurudumu, kuomba kupima njia mpya ya ubavuni pamoja na wajumbe wa kijiji, ngazi za mawe kama alivyosema mama, hakuna baiskeli asubuhi ya gulio, na masika tunapumzika. Yule dada wa duka la pembejeo atakuwa ndo msemaji maana kijiji kizima kinamheshimu. Wawili hawajakubali, wanasema njia ya ubavuni itakuwa ya watoto, nimewaomba waje tu siku ya kupima.

Swali la mwisho kwa fundi, tukipata ruhusa tuchimbe lini? Wengine wanasema sasa hivi kiangazi udongo mkavu.

fundi_jembe

Kiangazi pimeni, pigeni vigingi, kusanyeni mawe. Kuchimba subirini mvua za kwanza za vuli zilainishe, udongo mkavu haushikamani, unakuwa vumbi tu hata uukanyage vipi. Ukiwa na unyevunyevu unashindilia kwa miguu unakaa kama sakafu. Mpaka masika inafika utakuwa umeshapitiwa na watu ukakaza. Na mvua ya kwanza kubwa ikinyesha chukua mwavuli nenda ukasimame pale uangalie maji yanafanya nini, utajua pa kurekebisha. Mtu wa Korogwe aje na koleo pia, hizo sururu mbili zinatosha.