Mrejesho: kisima cha Katuba, kuta zimeshika

Wandugu, asanteni sana. Nilileta hapa shida ya kisima cha mashine kwetu Katuba, Lubumbashi: kila fundi akichomoa mabomba ya kuchimbia, kuta zinaporomoka na shimo linajaa mchanga.

Tulifuata ushauri wa ndugu aliyefanya kazi ya kuchimba mafuta kule Muanda: badala ya kuchimba kwa maji matupu, tutumie tope la bentoniti, udongo laini unaovimba ukilowa maji. Tope linapanda na vipande vya mwamba, na uzito wake ndio unaozuia kuta; kwenye visima vya mafuta unazuia pia gesi isifumuke. Kweli, zikashika. Ukichovya mkono dimbwini, tope linateleza kama uji wa mtoto. Bomba la PVC likashuka hadi chini bila kugoma, changarawe tukaimwaga polepole pembeni.

Kusafisha kisima kwa kompresa, mashine ya kupuliza hewa, ndiko kulikotutoa jasho. Bentoniti ilikuwa imegandia kuta, maji yakawa machache mpaka tukarudia. Sasa yanatoka safi, ila asubuhi pampu ikiwashwa ndoo ya kwanza bado ina mchanga.

Mama uliyesema tuinue pampu juu ya matundu ya bomba yanayoingiza maji: bado hatujafanya. Fundi anataka alipwe upya, tunabishana bei.