Naenda kusoma Utrecht na baiskeli siijui, nianzie wapi nikiwa bado Moshi?

Binti wa Pasua
Habari za jioni wakuu. Nipo Moshi, mwezi wa nane naelekea Utrecht, Uholanzi, kwa masomo. Chumba nilichopata kiko mbali na chuo, na usafiri wa wanafunzi kule ni baiskeli. Kuendesha sijui kabisa. Nijifunzeje kabla sijaondoka, nikifika ninunue ya aina gani, na sheria zao zikoje?

Spoku36
Dada, anza hapa hapa Moshi. Asubuhi njia za kule zimejaa watu wenye haraka, si pa kujifunzia mizani.

Azima baiskeli ambayo kiti kinashuka hadi nyayo zote mbili zikanyage chini. Mwambie fundi azing'oe pedali kwa spana namba 15. Ya kulia inafunguka kawaida. Ya kushoto nyuzi zake zimegeuzwa, inafunguka kwa kuzungusha kama mishale ya saa. Ukilazimisha kinyume unaikaza zaidi. Tafuta uwanja wa shule wenye mteremko kidogo, jisukume kwa miguu mpaka uweze kuinua yote miwili na kuteleza mita 15 hivi bila kugusa chini. Hapo ndipo pedali zirudi, na kiti kipandishwe: kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Kiti kikibaki chini, magoti yatauma.

Halafu kuna zoezi wengi wanaliruka, nalo ndilo litakalokuokoa kule: kuendesha kwa mkono mmoja na kutazama nyuma. Bega likigeuka, mkono unalifuata na usukani unapinda. Legeza viwiko, peleka kidevu begani, kiwiliwili kitulie. Rudia mpaka baiskeli isiyumbe, maana kule huwezi kukata kona bila kunyoosha mkono.

Mdau wa Njiro
Naongezea sheria. Wao wanapita kulia, kwa hiyo gari la karibu yako kwenye njia panda linatoka kushoto, sisi tumezoea kulia. Hatari kubwa ni pale unapokata kona kwenda kushoto kwenye mtaa usio na magari: mazoea yatakupeleka upande wa kushoto. Njia ya baiskeli ina alama ya duara la buluu lenye baiskeli nyeupe. Ikiwepo, ni lazima uitumie.

Ukikuta pembetatu nyeupe zimechorwa chini na ncha zinakuelekea wewe, toa nafasi. Kama hakuna alama yoyote, anayetoka kulia kwako anapita kwanza, hata akiwa na baiskeli. Tramu, ile treni ya mjini inayopita barabarani, inapita kwanza popote itokeapo. Reli zake zikate kwa pembe karibu ya mraba, la sivyo tairi linazama kwenye mfereji na unaanguka. Simu usiishike mkononi ukiwa unaendesha, ni kosa tangu Julai 2019.

Fundi Kijenge
Kuhusu kununua: chukua iliyotumika, dukani kwa fundi, na risiti. Ukitembezewa ya bei ya kutupa mtaani, hiyo ni ya wizi na wewe mnunuzi unaingia kwenye kosa.

Nyingi za kule hazina breki ya nyuma ya mkononi, unafunga kwa kukanyaga pedali kurudi nyuma. Inasumbua mtu mgeni kwenye kuondoka, kwa sababu ukisimama huwezi kurudisha pedali nyuma uipange. Ipange kabla hujasimama: ile ya mguu unaoanza nao iwe juu, mbele kidogo. Na cheni ikichomoka, breki hiyo haipo tena. Kwa hiyo mimi nasema chagua yenye breki ya mbele ya mkononi pia. Ukibahatika kuipata ya namna hiyo kwenye mitumba hapa, jifunzie hiyo hiyo.

Kufuli ziwe mbili: ile ya duara inayofunga gurudumu la nyuma, na mnyororo mnene unaopita kwenye fremu na chuma kilichosimikwa ardhini. Moja haitoshi, watu wataibeba nzima nzima.

Binti wa Pasua
Ahsanteni sana wakuu. Helmeti je? Na taa?

Spoku36
Kwa baiskeli ya kawaida helmeti si lazima kisheria na wengi hawavai. Wewe bado unajifunza, vaa.

Taa ni lazima usiku: nyeupe au ya njano mbele, nyekundu nyuma, na zisiwe za kumemeta. Ndogo za kubandika kwenye koti zinaruhusiwa, lakini hakikisha begi haliifuniki ya nyuma. Kengele nayo ni lazima.

Mdau wa Njiro
Pale stesheni kuu ya Utrecht kuna maegesho ya chini ya ardhi yenye nafasi 12,500, na saa 24 za kwanza ni bure. Usiegeshe nje pasiporuhusiwa, manispaa inaibeba na unalipia kuikomboa. Ukishafunga, piga picha namba ya safu kabla hujapanda juu, baiskeli nyeusi pale ndani zinafanana zote.