Panya na miche shambani: waliolizwa tupeane uzoefu

Mwana wa Newala: Wakuu, jana nimepita kwa mjomba, mikorosho michanga imeguguniwa ganda kuzunguka shina, majani yananyauka. Nikakumbuka msimu ule mbegu zilivyofukuliwa zote kabla hazijachipua. Nyie mlifanyaje?

Mama Tausi: Nachingwea yalinikuta. Nililia.

Kindamba: Mche ukiuvuta ukatoka bila mizizi, huyo ni fuko. Msimsingizie panya kila kitu.

Mchungaji wa Liwale: Huku malishoni ni hayo hayo. Kuna kipande hakijaingia ng'ombe muda mrefu, nyasi kiunoni, panya wamejenga mji. Vimche vya migunga haviinuki. Kule Laikipia, Kenya, watafiti walizungushia uzio tangu 1995: wanyama wakubwa wasipoingia panya wanaongezeka, miche ya migunga inaliwa zaidi. Nyasi zikipungua, panya anakosa pa kujificha, bundi na mwewe wanajipatia.

Kindamba: Aa, kumbe ng'ombe ndio dawa! Waliomaliza mbaazi zangu walikuwa wanafukuza panya?

Mchungaji wa Liwale: Nimesema malishoni, ndugu. Mbaazi zako kamdai mwenyewe aliyezilisha.

Kindamba: Wote lugha yenu moja.

Bi Somoe: Acheni ugomvi, niwape ya Ruangwa. Vijana walikuwa wanafukiza mashimo ya panya pembeni ya shamba la shemeji yangu. Moshi unaingia, wao wanasubiri na fimbo huku wanacheka. Shemeji akainama achungulie shimo la pili. Kumbe panya walishaliwa zamani, mwenye nyumba ni swila! Akamtemea jichoni. Mtu mzima akalia kama mtoto, akawa anakimbia hajui aendako, akaangukia miche yake mwenyewe. Mmoja anapiga kelele leteni maziwa, mwingine mkojo, jamani! Bibi mmoja akamkamata, akamlaza, akammwagia ndoo nzima ya maji jichoni, ndipo wakampeleka zahanati.

Mama Tausi: Yesu na Maria.

Mpenda Chikandanga: Maji mengi ndiyo sahihi, bibi apewe zawadi.

Dogo Masasi: Mnahangaika bure, panya shamba ni kitoweo. Tegeni, chomeni.

Kindamba: Mimi naweka sumu.

Mama Tausi: Basi tangaza kijiji kizima, watoto wa Dogo Masasi wasije wakaokota wakachoma!

Mwana wa Newala: Mjomba asafishe nyasi kuzunguka shina panya akose pa kujificha, hilo nimelichukua. Bi Somoe, jicho lilipona?

Bi Somoe: Lilipona. Ila sasa hata muhogo anaita mtu amchimbie.