Mjadala: Violesura vya gemu viingizwe ndani ya kerneli?

Wadau, jana jioni kibandani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, tumebishana hadi wateja wakaanza kuondoka. Kijana mmoja anayesomea kompyuta anashikilia kwamba kila kinachotegemewa na gemu, kuanzia kuchora picha, sauti hadi kusoma pedi, kihamie ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ili kasi iongezeke. Mimi nakataa.

Kerneli ndiyo inayogawa kumbukumbu na muda wa prosesa kwa programu zote. Programu ya kawaida ikiharibika, inakufa peke yake. Kosa likiwa ndani ya kerneli, mashine nzima inaanguka. Mwezi uliopita draiva ya kadi ya picha, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, ambayo sehemu yake imo ndani ya kerneli, ilikorofisha kompyuta yangu moja ya mtumba: dogo yuko dakika ya 85, anaongoza bao moja, skrini ikageuka bluu. Nikamrudishia hela yake. Wiki hiyohiyo gemu nyingine ilijifunga ghafla. Nikaifungua tena, mteja akaendelea kucheza, na mashine haikutikisika.

Microsoft wenyewe walishaipita njia hii. Mwaka 1996, kwenye Windows NT 4.0, waliingiza uchoraji wa madirisha na picha ndani ya kerneli, wakitafuta kasi. Mianya ya usalama iliyokuja kugunduliwa humo ni mingi mno. Ilipofika Windows Vista, sehemu kubwa ya draiva za picha ikatolewa nje. Na tarehe 19 Julai 2024 faili moja bovu la CrowdStrike, programu ya ulinzi inayokaa ndani ya kerneli, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5.

*Mdau, Tabora:* Kaka, unataja madhara tu. Mbona kerneli ya mfumo endeshi wa Linux, toleo la 6.14, ya Machi 2025, imekuja na NTSYNC kwa ajili ya gemu za Windows? Nayo imo ndani ya kerneli.

Ndugu yangu, hapo umegusa penyewe. NTSYNC haichori chochote, inasimamia kusubiriana tu. Gemu ina kazi nyingi zinazokwenda pamoja na kusubiriana: moja inapakia ramani, nyingine inaandaa sauti. Kwenye Windows, kazi moja inaweza kusubiri vitu kadhaa na kuvichukua vyote kwa mpigo. Wine, programu inayoendesha gemu za Windows kwenye Linux, iliigiza hilo kupitia programu ya pembeni, kila ombi likipanga foleni, na gemu nzito zikakwama hapo. Njia za mkato za nje ya kerneli zilileta kasi, ila hazikuufuata utaratibu wa Windows sawasawa. Ndiyo maana kipande hicho kidogo kikaingizwa. DirectX yenyewe, violesura ambavyo gemu za Windows hutumia kuchora picha, imebaki nje, inatafsiriwa kuwa Vulkan, kiolesura kingine cha kuchora kinachotumika kwenye Linux, hukohuko nje, na gemu zinakwenda vizuri.

Kisichowezekana kufanywa sawasawa nje, kiingie, tena kikiwa kidogo. Nanyi mnaotaka uchoraji wote uingie, nitajieni kazi moja tu ya picha inayoishinda Vulkan kwa sababu iko nje.