Tupeane uzoefu: betri za kamera zisizo na waya, Lamu na Malindi

Mwenye uzi
Uzi huu ni wa wanaofunga na kutunza kamera za ulinzi za betri huku kwetu, Malindi hadi Lamu kisiwani. Mtu aseme kamera aina gani, betri gani, chaji inakaa siku ngapi na kwa nini. "Nunua yenye betri kubwa" si jibu.

Nianze kwa kutenga vitu viwili vinavyochanganywa dukani. Iko kamera inayolala: sensa ya joto ikigutuka ndipo inaamka, inarekodi sekunde 10 hadi 30, inatuma taarifa kwenye simu, inalala tena. Hiyo ndiyo ya betri. Na iko isiyolala, inayorekodi usiku na mchana. Hiyo haina waya kwa maana ya WiFi tu, lakini inakula wati 3 hadi 5 muda wote. Ukiipa seli mbili ndogo magharibi, haivuki usiku wa manane.

Fundi Mkomani
Seli kwanza. Kamera nyingi hutumia 18650: kipenyo mm 18, urefu mm 65, volti 3.7. Ikijaa inasoma 4.2, ikifika 3.0 ihesabu imekwisha. Seli halali ya ukubwa huo haizidi sana mAh 3500 (miliampea-saa, kipimo cha chaji inayobeba). Iliyoandikwa 9900 ni maandishi tu. Ipime kwenye mizani ya sonara: seli nzuri ina gramu 45 hadi 50. Ikija chini ya 40, iache hapo hapo.

Mengine matatu ya seli:
- Usichanganye kuukuu na mpya. Zikikaa sambamba, pima kila moja kwa mita ya volti kabla ya kuzitia. Zikitofautiana zaidi ya volti 0.05, zichaji kando kwanza, la sivyo moja inamiminia nyingine umeme kwa kasi na zote zinapata joto.
- Seli yenye kibao cha kinga (saketi ndogo ya kuilinda) ni ndefu kwa mm 3 hadi 5. Kamera nyingine haziimezi. Ukiilazimisha, springi inapinda na mguso unakuwa wa kubahatisha.
- Usichomee lehemu moja kwa moja kwenye seli. Joto la chuma linaua kilichomo ndani. Tumia kikasha au seli zenye vibati tayari.

Langoni
Watu wanauliza siku ngapi bila kuuliza kamera inaamka mara ngapi. Fanyeni hesabu hii. Seli mbili za mAh 3000 sambamba: Ah 6 × volti 3.7 = Wh 22.2 (wati-saa, yaani nishati yote iliyomo). Chukua kamera inayovuta mA 3 ikilala: kwa siku ni kama Wh 0.27. Ikiamka sekunde 20 kwa wati 1.5, kila tukio ni Wh 0.0083.

Matukio 10 kwa siku: jumla Wh 0.35, betri inakaa siku 63.
Matukio 100: Wh 1.1, siku 20.
Matukio 300: Wh 2.8, siku 8.

Betri ni ile ile. Sasa nenda kafunge kamera mlangoni ukiitazamisha kwenye kichochoro cha Lamu, ambako punda anapita, mkokoteni unapita, watoto wa chuoni (madrasa) wanapita. Punda ana joto la mwili kama mtu, sensa haina habari ya mzigo wake. Ielekeze ndani ya daka (kibaraza cha mlangoni), ione anayekanyaga kizingiti, si kila mpita njia. Urefu wa mita 2 hadi 2.5 unatosha, imeinamishwa kidogo. Sensa hizi hugutuka upesi mtu akikata mbele yake kwa upande. Anayeijia uso kwa uso inamchelewa.

Na tafadhali, isichungulie darini wala uani kwa jirani. Ugomvi wake hauishi.

Barani Malindi
Kuongezea hapo kwenye sensa. Inachosoma ni tofauti ya joto kati ya mwili na kilicho nyuma yake. Ukuta uliopigwa na jua la Machi tangu asubuhi unakaribia joto la mwili, kwa hiyo saa nane mchana mtu anaweza kupita asionekane. Upande wa pili, bati la moto na majani ya mnazi yanayochezacheza juani yataiamsha bure. Iondoe macho kwenye bati, kata tawi, na punguza unyeti ngazi moja. Hapo betri inapona bila kununua chochote.

Mgeni wa Shela
Samahani wakubwa, pawabenki haifai? Ninayo ya mAh 20000 imekaa bure.

Fundi Mkomani
Kwa kamera inayolala, nyingi hazifai, ndugu. Pawabenki ikiona mkondo ni mdogo, mara nyingi chini ya mA 50 hadi 100, inadhani simu imejaa na inajizima. Kamera ikija kuamka haina kitu. Tafuta yenye hali ya mkondo mdogo, au itumie kuchajia betri ya kamera tu. Na hiyo 20000 imehesabiwa kwa volti 3.7, ukitoa kwa volti 5 pamoja na upotevu, tarajia kama 12000 hadi 13000.

Casuarina
Kwa wale wa kamera isiyolala, shambani au kwenye nyumba ya wageni, mpango unaosimama ni huu. Kamera ya wati 4: kwa siku Wh 96. Betri ya LiFePO4 (aina ya lithiamu) ya volti 12.8, Ah 20, ni Wh 256. Tumia asilimia 80, toa asilimia 10 inayopotea kwenye konveta (kifaa cha kushusha volti), unabaki na kama Wh 184: karibu siku mbili bila jua. Ukichagua betri ya risasi (ya asidi, kama ya gari) ya ukubwa huo, hesabu nusu tu, maana ukiizoesha kushuka chini ya volti 12.0 inakufa mapema.

Paneli ya wati 50. Ukihesabu saa 4 za jua kali na upotevu wa asilimia 30, inaleta Wh 140. Kiangazi zitabaki, mvua za Mei utazihitaji. Iinamishe nyuzi 10 hadi 15 kuelekea kaskazini, kwa sababu miezi ya mawingu, Aprili hadi Julai, jua la mchana liko upande huo. Mwinamo huo pia unafanya mvua ioshe chumvi. Kivuli cha kuti moja kwenye pembe ya paneli ndogo kinaweza kuangusha nguvu yote, usikidharau. Fyuzi ya ampea 5 iwe karibu kabisa na chanya ya betri, si mwisho wa waya.

Kosa ninaloliona kwa wengi ni waya. Wanashusha volti 5 pale pale penye betri, kisha wanavuta waya mwembamba wa USB mita 10. Waya wa AWG 24 (kipimo cha unene wa waya) una kama omu 0.084 kwa mita. Kwenda na kurudi mita 20, omu 1.7. Kamera ikivuta ampea 0.5, volti 0.84 zimepotea njiani, inabaki 4.16. Mchana inafanya kazi. Usiku taa za infraredi zikiwaka mkondo unapanda, kamera inajizima, inawaka, inajizima. Mwenyewe analaumu betri. Peleka volti 12 kwa waya wa mm² 0.75, konveta ya volti 5 ikae nyuma ya kamera.

Wa Baharini
Hesabu zote nzuri, lakini bila kushughulikia chumvi ni kazi bure. Nyumba iliyo mbele ya bahari, kusi likivuma, viunganishi vinaota kutu ya kijani. Kutu hiyo inaongeza ukinzani, chaji ya sola inashuka kidogo kidogo, na programu inaandika betri mbovu kumbe ni plagi. Fanya hivi: safisha mguso kwa spiriti, ukauke, paka vaselini nyembamba, funga. Waya uingie kwa chini ukiwa na mkunjo unaoning'inia, maji yadondoke kabla ya kufika kwenye tundu. Skrubu za chuma cha pua, gredi 316 ikipatikana.

Silikoni inayonuka siki usiitie karibu na shaba. Asidi yake inaila. Nunua isiyonuka siki.

Ukishatoa kifuniko cha mpira ili upitishe waya wa sola, ile IP65 (kinga ya vumbi na maji) iliyoandikwa kwenye boksi haipo tena. Ziba.

Langoni
Kuta za matumbawe nazo hula betri. Ukuta mnene unaififisha WiFi, kamera inarudia kutuma vipande vile vile na kukaa macho muda mrefu zaidi. Pima kwa simu pale kamera itakapokaa: -65 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi) ni sawa, -75 utachaji kila mara. Sogeza rauta karibu na dirisha au weka kirudishi cha WiFi. Tumia GHz 2.4, hupenya kuta kuliko 5.

Casuarina
Na stima ikipotea rauta inakufa, kamera iko hai lakini haisemi na mtu. Weka kadi ya kumbukumbu ndani ya kamera. Rauta inayovuta wati 6 kwenye betri ya risasi ya 12V 7Ah, ukitumia nusu, inapata kama saa 6. Pitisha kwenye kidhibiti cha volti 12, maana betri ikichajiwa inapanda hadi 13.8.

Mgeni wa Shela
Hiyo betri ya LiFePO4 ya Ah 20 naweza kuibeba kwenye ndege hadi Manda, uwanja wa ndege wa Lamu?

Fundi Mkomani
Huwezi. Abiria anaruhusiwa lithiamu hadi Wh 100, na hadi 160 kwa idhini ya shirika. Hiyo ni 256. Ipeleke kwa basi hadi gati ya Mokowe, barani, kisha boti, ikiwa kwenye mfuko usiopitisha maji na ncha zake zimefungwa tepu. Seli ndogo za akiba zibebe mkononi, kila moja kwenye kikasha chake, si kwenye begi la chini.