MJADALA: Muuguzi ashushe barakoa anapomhudumia asiyesikia?

Wakuu, barakoa za korona wengi tulishazitupa, ila kwenye maabara na madirisha ya dawa hapa Dodoma bado zipo. Naomba tujadili: mgonjwa asiyesikia akiomba auone mdomo wa mhudumu, mhudumu alazimike kushusha barakoa?

Mimi nasema alazimike, isipokuwa kliniki ya kifua kikuu.

Mama yangu anasikia kwa shida, anavaa shimesikio, kile kifaa cha kusaidia kusikia. Kamba ya barakoa inapita palepale nyuma ya sikio, kwa hiyo akivua barakoa na kifaa kinadondoka. Hilo dogo. Mwezi uliopita aliambiwa dirishani afuate majibu saa sita, akaelewa saa tisa. Alipofika, mwenye majibu keshaondoka, bibi wa watu akarudi Nzuguni kwa bajaji mikono mitupu. Sita, tisa: irabu ni zilezile, s na t zimebadilishana nafasi tu, na sauti nyembamba kama hizo ndizo barakoa inazozififisha kwanza. Kinachomfikia mama ni "i-a". Saa ngapi hiyo?

Muuguzi, Chamwino: Mkuu, pole kwa mama. Lakini kifua kikuu hakiandikwi usoni. Anayekohoa mbele yangu asubuhi hajapimwa bado, nishushe barakoa kwa imani? Nina watoto nyumbani. Tumwandikie kwenye karatasi, yaishe.

Kiziwi wa Majengo: Karatasi! Dada, mimi ni kiziwi tangu nina miaka 4. Lugha yangu ya kwanza ni ya alama, Kiswahili chenu nimejifunza ukubwani. Na huo mwandiko wa hospitali nyie mnaosikia mnausoma?

Ila na mleta mada asiitukuze midomo. Baba, papa na mama midomoni ni neno moja, mtu anabahatisha. Kwenye alama mdomo na mashavu vinafanya kazi pamoja na mikono, ndiyo maana barakoa inanikera, lakini hata ikishuka, muuguzi asiyejua alama atanionyesha meno tu. Nataka mkalimani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, na mimi hadi leo naenda kutibiwa na mdogo wangu. Kuna magonjwa hutaki mdogo wako ayatafsiri.

Fundi wa Kikuyu: Si kuna barakoa zenye kidirisha cha plastiki?

Muuguzi, Chamwino: Niliwahi kuvaa. Dakika chache kimejaa ukungu, na sauti inapita kwa shida kuliko ya kawaida.

Mleta mada: Kiziwi wa Majengo, la mdogo wako limenikaa. Mkalimani kwanza, nakubali. Mama yangu lakini hajui alama, masikio yamemharibika utu uzima. Na dada muuguzi, umenikumbusha jambo: aliharibiwa na sindano za streptomaisini, alipotibiwa kifua kikuu zamani. Kumbe kliniki niliyoitoa kwenye sharti ndiyo yenye watu kama yeye! Naifuta ile "isipokuwa". Huko maelezo yatolewe nje, chini ya mti, mkiwa mbalimbali, hewa inapita. Hapo barakoa ishuke.

Muuguzi, Chamwino: Chini ya mti sawa, hata mimi napumua. Ila kwa huu upepo wa Dodoma wa Agosti, mafaili atanishikia nani?